Uso wa Ditram

Mwezi mzima Shamimu alimaliza bando lake la intaneti kwenye picha za dada mmoja wa Kampala aliyechora watu wasio na macho, pua wala mdomo. Rangi bapa tu, na bado ukiwatazama unajua huyu kachoka, huyu kafiwa, huyu ana jeuri. Shamimu, mzaliwa wa Kimamba mwenye kibanda cha uchoraji kando ya barabara kuu pale Mikumi, alizitazama hadi akaona haya. Miaka sita alikuwa akichora simba wale wale nyuma ya malori! Akajifunza mtindo ule juu ya mifuko ya saruji mpaka mkono ukatii.

Ndipo akaja Evarist, mwenye Fuso la kubeba mbao. Mdogo wake Ditram, dereva wa gari hilo, alikufa ajalini, na kama wenye malori wengi waliofiwa, Evarist alitaka marehemu achorwe kwenye mlango wa nyuma, aendelee kusafiri.

"Usinipe mtu mwingine," alisema. "Nataka mdogo wangu."

Alimwachia gari na picha ya leseni, akamrushia na video fupi: Ditram yuko dirishani, kiwiko nje, bega moja juu, anamcheka mtu. Leseni Shamimu hakuitazama mara ya pili. Siku mbili alihangaika na lile bega, na alipomaliza alijua hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Alifurahi kijinga kabisa. Hakukumbuka hata kuuliza Ditram alikufaje.

Evarist alifika saa sita mchana. Alitazama, akasogea, akatazama tena.

"Uso uko wapi?"

"Ndiyo mtindo wa sasa, kaka. Angalia hilo bega, utam..."

Kofi lilimkatiza. Shamimu alianguka juu ya madebe, rangi nyekundu ikammwagikia miguuni.

"Nilimtoa mle ndani hana uso!" Evarist alipiga kelele. "Jeneza halikufunguliwa! Mama hakumuaga! Na wewe unamtembeza hivyo hivyo barabarani?"

Mwingine angeomba radhi. Shamimu alitema damu, akaokota kopo la petroli ya kusafishia brashi na kummwagia machoni. Evarist alinguruma, akamkamata nywele. Shamimu akamng'ata mkono mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Brightness, muuza chipsi wa jirani, alipiga mayowe. Dereva mmoja akaja kuamulia ugomvi, akapigwa kiwiko cha pua, akakaa chini.

Evarist alichomoa spana ya magurudumu. Aliubana mkono wa kulia wa Shamimu juu ya bampa, akapiga. Akapiga tena. Vidole vilivunjika kama muhogo mkavu, na watu waliokuwa wakicheka kwa mbali wakarudi nyuma.

"Chora uso! Sasa hivi!"

"Kwa mkono upi, mshenzi wewe?" Shamimu alilia.

Evarist alitupa spana. Akaokota brashi mwenyewe, akaichovya kwenye rangi iliyomwagika, akaanza. Alichora jicho moja, likatiririka. Akachora la pili, likakaa chini ya la kwanza. Alitaka kutengeneza mdomo, ukafunguka hadi sikioni. Akafuta kwa kiganja, na uso wote ukawa mwekundu, umekwanguka, umepinda. Aliongeza, akafuta, akaongeza, akihema, macho yake yakiwa yamevimba kwa petroli, hadi ghafla akarudi nyuma hatua tatu na kujigonga kwenye kibanda.

Alikuwa amemchora kama alivyomkuta siku ile chini ya usukani.

Hakuna aliyemgusa. Shamimu, ameketi vumbini na mkono mapajani, hakumwonea huruma hata kidogo. Evarist alipiga magoti mbele yake, brashi ikining'inia mkononi, akalia kwa sauti kubwa mbele ya barabara nzima.

"Mrudishe, dada," alisema. "Mrudishe ulivyomchora. Bega lake lilikuwa lenyewe."

Shamimu alimwinulia vile vidole vilivyovunjika, akavishikilia mbele ya uso wake mpaka Evarist akavitazama.