Byabato na Wenzake

Ripoti ya Julai ilimweka Mzee Byabato wa Rugera juu ya wakulima wote elfu mbili na mia tatu wa ushirika. Kilo elfu tatu mia nne na kumi za kahawa ya maganda, kutoka kibanja cha nusu ekari. Chini ya jina lake mfumo wa kompyuta ulikuwa umepiga mstari mwekundu, kama ulivyofundishwa kufanya kila uzito unapozidi uwezo wa shamba.

Aliyeufundisha ni Placida, binti wa Muleba aliyekuwa na mwaka wa pili katika chumba cha takwimu cha ushirika pale Kayanga. Mstari ule aliuweka kwa ajili ya butura. Mwenye fedha humfuata mwenye shida kahawa ikiwa bado maua, huinunua kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika huipeleka ushirika kwa jina lake. Meneja Egbert, mtu wa Bukoba aliyeletwa kuunyoosha ushirika, hakuwa na mjadala katika hilo: mwenye butura hufutwa uanachama, na jina lake hubandikwa mlangoni mwa ghala. Alimpa Placida siku mbili za kwenda kuhakiki.

"Lete ushahidi, dada, siyo huruma," alimwambia. "Mfumo hauna shangazi Rugera."

Placida alitegemea kukuta bati jipya na pikipiki mbili uani. Alikuta mzee wa miaka themanini na minne, ameketi kwenye kigoda, akichambua vijiti katika mabaki ya kahawa yake. Shikamoo yake iliitikiwa, akaulizwa habari za wazazi, kisha za migomba ya Muleba na ugonjwa wake wa mnyauko, na ndipo alipopewa nafasi ya kusema kilichomleta. Akaomba kwanza kuona mikahawa. Ilikuwa hamsini na minane, imejificha katikati ya migomba.

Alipomwonyesha uzito kwenye kishikwambi, mzee aliusoma mara mbili, akacheka hadi akashika ubavu.

"Benadeta, njoo uone. Nimetajirika na hakuna aliyeniambia."

Benadeta, mjane wa jirani, alikuja huku akijifuta vumbi mikononi, na ndiye aliyeeleza. Kaya kumi na saba za kilima kile zilikausha kahawa kila moja kwenye turubai lake. Kisha zilipimiana kwa debe uani kwa Byabato, zikaimimina katika magunia ya pamoja, na kuipeleka kituoni kwa safari moja. Malipo nayo yaligawanywa hapo uani, kwa hesabu ya madebe. Kituoni lilitajwa jina la Byabato kwa kuwa ndiye mkubwa wa kilima. Mtu aliyelelewa vyema hataji jina lake mbele ya mizani wakati la mkubwa wake halijatajwa. Enzi za daftari, karani aliandika "Byabato na wenzake," mambo yakaisha.

"Sasa hao wenzake mmewapeleka wapi?" Benadeta aliuliza.

Placida alijua walikokwenda. Wakati wa kuhamisha madaftari kwenda kwenye mfumo, alikuwa amekutana na "na wenzake" zaidi ya mara arobaini, akaifuta kote, akiiona kama uchafu. Mfumo ulitaka mkulima mmoja, namba moja. Kazi ile alikuwa ameifanya kwa moyo, akiamini kwamba takwimu safi humlinda mnyonge. Bado aliamini hivyo. Akamweleza mzee maana ya mstari mwekundu, na adhabu yake.

Byabato aliacha kuchambua.

"Kufutwa si neno. Kwa umri huu nafutwa wakati wowote," alisema. "Lakini hilo la butura lisibandikwe, mwanangu. Baba yangu alinunuliwa kahawa ikiwa maua, kila mwaka, mpaka akafa. Siwezi kusomwa mlangoni kama wale waliomla."

Siku ya pili Placida alipita nyumba kwa nyumba, akamuuliza kila mtu peke yake, asije mmoja akaitikia maneno ya mwenzake. Hakuna aliyekuwa na maandishi, ila kila mmoja aliyajua madebe yake kama anavyojua wanawe. Jumla ilikuja kilo elfu tatu mia tatu sitini na mbili.

Egbert aliziweka hesabu mbili sambamba. Akauliza kilo arobaini na nane zimetoka wapi.

"Debe la Rugera hujazwa mpaka lifanye kichuguu juu, Bwana Meneja. Nimelipima." Kisha Placida akaongeza kwamba kosa halikuwa la mzee. Aliyewafuta wenzake ni yeye.

Meneja alizijumlisha tena mwenyewe. Akaagiza mstari mwekundu uondolewe. Lakini "na wenzake" hakuirudisha: mnunuzi wa nje alitaka kujua kila gunia limetoka shamba la nani, hivyo kila mtu apime kwa jina lake. Placida hakupinga. Miche mipya ya ushirika iligawanywa kwa uzito wa kahawa ya kila mtu, na Benadeta, ambaye mfumo ulimwona halimi, hakuwahi kupata hata mmoja.

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya Placida alikwenda mwenyewe kituoni. Yustus, mpimaji, alimwita Nestory, ambaye gunia lake lilikuwa mbele. Nestory akatazama viatu vyake. Yustus akamwita Benadeta, naye akajitia kukaza kamba ya gunia. Ikapita nusu saa, magunia kumi na sita yamepangwa, mizani haina kitu. Yustus alilalamika kwamba betri inaisha. Mwishowe mtu mmoja akapanda bodaboda kwenda kumchukua Byabato, ambaye kahawa yake ilikuwa imekwisha tangu Julai.

Mzee alishuka na kifuko cha mabaki. Kilo moja na nusu. Mfumo ukaikataa: chini ya kilo tano haupokei. Kiwango hicho pia alikiweka Placida, ili kuokoa karatasi za risiti. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akaingia kwenye kishikwambi, akafuta tano, akaandika moja. Risiti ikatoka yenye jina la Byabato.

Mzee aliikunja, akaitia katika mfuko wa koti, akamgeukia Nestory.

"Haya, pita. Unasubiri barua?"

Mizani ilifanya kazi mpaka saa tisa.

Katika ripoti ya Septemba Egbert alilikuta jina la Byabato mara tisa, kila mara la kwanza kwa siku, na jumla ya kilo kumi na mbili. Alisema mzee huyu anawamalizia karatasi. Placida alikubali kwamba ni kweli. Akafungua orodha ya vifaa vya msimu ujao, na mbele ya jina la kituo cha Rugera akaongeza roli moja ya karatasi za risiti.