Zamu ya Kutovuta

Nilikuwa na bangi kwenye mate, na mbele yangu magari matano yalikuwa yakisubiri kupimwa na polisi.

Kanisa letu ni la Marasta, na bangi ndiyo sakramenti yetu. Kila Jumamosi tunasali kwenye gereji ya mchungaji wetu Mwiti, kitongoji cha Mount Druitt, huku ughaibuni. Kiko kinazunguka, kila mtu anavuta. Mmoja tu havuti: yule mwenye zamu ya kuwarudisha wengine nyumbani. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Lakini tulikuwa tunambariki mtoto wa Nsimire, muumini mwenzetu, na mimi ndiye niliyeombwa kumshika. Kwenye baraka ya mtoto aliyemshika haruki kiko. Ukikiruka, umemkataa mtoto. Nilivuta mara moja.

"Geuza gari," alisema Zilpah, muumini niliyekuwa nikimrudisha nyumbani, kutoka kiti cha nyuma.

"Nigeuzie wapi, mama? Kushoto ukuta, kulia ukuta. Na yule polisi wa pikipiki amewekwa pale kwa ajili ya wanaogeuza."

"Basi tubadilishane viti."

"Wewe umevuta mara nne!"

"Tano," alisema, akacheka peke yake.

Mwiti alikuwa kando yangu, amekuja kunisindikiza. "Tulia, brathe. Wakikuuliza, sema ni ibada. Nchi hii ina uhuru wa dini."

"Umewahi kupimwa wewe?"

"Mimi siendeshi."

"Basi nyamaza."

Magari matatu. Nilikuwa naendesha forklift, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala la Smithfield. Shifti inaanza saa kumi alfajiri, na saa hiyo hakuna basi la kukufikisha kule. Bila leseni ya gari, hakuna kazi. Nilijaribu kumeza mate, mdomo ulikuwa mkavu. Gari moja. Nikafungua dirisha.

Polisi alikuwa msichana mwenye umri wa binti yangu. Aliniambia nipitishe ulimi kwenye kijiti cha kupimia mate, kisha nisubiri.

Mwiti akainama mbele yangu. "Dada, huyu ametoka kusali."

"Hata mimi nilisali asubuhi," alisema polisi. "Sikutoka na harufu hii."

Akakitazama kijiti, akaniambia nizime gari na nishuke. Walichukua mate mengine ya kupeleka maabara. Mwiti na Zilpah walitembea hadi stesheni, Zilpah akiimba.

Barua ya kunifungia leseni ilikuja baada ya wiki nne. Précieux, tunayefanya naye shifti, alinibeba kwa gari lake siku nane, halafu akahamishiwa ghala la Seven Hills. Nikamwomba Mwiti atafute muumini wa kunipeleka. Alisema saa kumi alfajiri ni mapema sana, ila angeniombea. Nikachelewa siku tatu mfululizo. Siku ya nne kadi yangu haikufungua mlango wa ghala.

Nilivuta mara moja. Leseni ilikwenda miezi mitatu. Kazi ya miaka saba ilikwenda yote. Gari niliuza wiki ya sita baada ya barua, tulipie kodi ya nyumba.