Uhamisho wa Karani wa Masjala

Jumanne asubuhi, karani wa masjala alipokunja mikono ya blauzi ili afute vumbi mezani, aliona namba ya tarakimu kumi na saba chini ya kiwiko chake cha kushoto. Ilikuwa ya aina ileile ambayo programu ya ujumbe ya ofisini huipa kila barua na kila picha inayohifadhiwa. Aliisugua kwa sabuni, wapi!

"Usijisumbue," alisema fundi wa kompyuta, huku akitafuta chaji yake. "Hiyo ni ya kudumu. Ukibaki kwenye hifadhi hii ya tawi letu, utapatikana mpaka Kiyama."

"Na nikihamishwa?"

"Hifadhi mpya itakupa yake. Ya zamani hatapewa mtu mwingine, hilo ondoa shaka."

Shaka hakuwa nayo. Alimtumia mumewe namba hiyo kwa simu, akaendelea na vumbi lake. Alichotaka ni uhamisho tu. Miaka mitatu alikuwa ameomba kwenda tawi la mji alikoishi mumewe na binti yao, na miaka mitatu bosi alimjibu kwamba subira yavuta heri. Ombi lilikuwa limepita ofisi nyingi hata mihuri ikazidi maneno. Alhamisi bosi alitia sahihi bila kuinua macho.

Jumatatu aliripoti tawi jipya. Kabla hajaonyeshwa kiti, namba mkononi ilikuwa nyingine.

Jioni alibisha hodi nyumbani. Mumewe, fundi wa miwani, alimfungulia kwa adabu.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Ni mimi, mke wako."

Akamtazama mkono, akavua miwani, akaivaa tena. "Pole, dada. Mke wangu namba yake naijua kwa kichwa. Siyo hii."

Binti alimletea mgeni maji, akamuuliza kama ana watoto. Karani alisema anaye mmoja. Maji aliyamaliza, akashukuru.

Kesho yake mumewe alikuja masjala.

"Dada, kwa kuwa uko humu ndani, nisaidie. Mke wangu anaomba uhamisho mwaka wa tatu huu. Sasa kila nikimwandikia, naambiwa hapatikani. Mtoto ananisumbua."

"Ombi lake lilikubaliwa."

"Mbona hajafika?"

Karani alitafuta kwenye programu namba ya zamani. Haikuwepo. Akatoa fomu mpya ya uhamisho, akaandika jina lake mwenyewe kwa mwandiko mzuri.

"Maombi haya huchukua kama miaka mitatu," alimwambia mumewe, akamwonyesha pa kutia sahihi.