Aliyemsindikiza Roiti

Ukitaka kujua nani kaposwa nyumbani Tarawa, nani kagombana na mkwewe Betio, na nani kapangiwa zamu Jumapili tatu mfululizo, ulikuwa humuulizi mwingine ila Maere. Nyumba yao ya kupanga, kwenye mji ule wa mashamba ya karanga huko Queensland, ilikuwa na vyumba vitatu na wanawake sita, wote wa visiwa vya Kiribati, wote wahudumu katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Jikoni ndiko kulikokuwa baraza. Maere alikaanga samaki huku anasimulia, na wenye zamu walikaa wanasikiliza mpaka dakika ya mwisho, halafu wakatoka mbio wakifunga vifungo vya sare njiani.

Ndiyo maana hata siku ya sindano ilikuwa sherehe. Mzee mmoja alikuwa amegundulika na kifua kikuu, basi likatoka agizo kwamba kila mhudumu apimwe. Nesi alikuja Jumatatu, akawachoma mmoja mmoja chini ya ngozi ya mkono, akasema atarudi Jumatano kuangalia nani kavimba.

"Ukivimba umefukuzwa," Tiura alitania mezani.

"Wewe ulivyonona, hata hawatajua uvimbe ni upi," Maere akamjibu, na meza nzima ikafa kwa kicheko.

Jumatano aliwaita mmoja mmoja, faraghani, na mikono mitano ilikuwa shwari. Wa Roiti ulikuwa umeinuka, mwekundu, mgumu, mpana kama sarafu.

Roiti ndiye aliyekuwa mdogo wao, miaka ishirini na minne. Mama yake na mama wa Maere walizaliwa tumbo moja, na ni Maere aliyempigania apate kazi hii, akamwahidi mama mtu kwenye uwanja wa ndege pale Tarawa kwamba atamwangalia kama jicho lake. Meneja alipomwita ofisini, barua ilisema mhudumu ana haki ya kusindikizwa na mtu anayemwamini. Roiti hakufikiri mara mbili.

Meneja huyo, Lynette, ndiye waliyemsengenya kila jioni kwa ukali wake wa ratiba. Siku hiyo alifunga mlango, akavuta kiti akakaa upande wao wa meza.

"Uvimbe hausemi kwamba unaumwa," alianza. "Wengi waliochanjwa utotoni mkono huvimba hivi hivi. Utapimwa damu, utapigwa picha ya kifua. Mpaka majibu yatoke utakaa nyumbani, na mshahara wako uko pale pale. Kwenye ratiba nitaandika likizo, basi. Jambo hili ni lako, Roiti. Mimi simwambii mtu, na hakuna mwenye ruhusa ya kukuuliza." Akamgeukia Maere. "Na wewe uliyemsindikiza, vivyo hivyo."

"Mimi? Mimi kaburi," Maere akasema, mkono kifuani.

Njiani Roiti alimshika kiwiko. "Dada, hata Tiura usimwambie. Unajua kwetu neno hilo likoje."

"Hebu toka hapa, mtoto wewe. Mimi nimezaliwa jana?"

Alijua. Kwao dawa huponya kifua, lakini neno lenyewe hubaki na ukoo. Mjomba wao mmoja alipona kabisa, akaishi miaka thelathini baada ya hapo, na mpaka anazikwa hakuna aliyekunywa kikombe kimoja naye.

Siku nne Maere aliishikilia siri hiyo, na siku nne hakulala vizuri. Alikuwa anaogopa kweli. Akimsikia Roiti anakohoa bafuni, anahesabu ni mara ngapi. Jumapili baada ya ibada, wanawake wa Kiribati kutoka mji mzima na mashamba ya jirani waliketi duara ukumbini kama kawaida yao, kila mmoja ataje mzigo wake uombewe. Zamu ya Maere ilipofika, machozi yalimtangulia.

"Mwombeeni mdogo wangu Roiti. Wamemkuta na kitu."

Alikuwa hatanii wala hafitini. Alitaka maombi. Lakini tusifichane, vichwa ishirini vilipogeuka, na mke wa mchungaji akamkamata mkono na kumuuliza kwa upole, "Kitu gani, mama?", palikuwa na utamu pale ambao Maere aliujua tangu utotoni, utamu wa kuwa na habari ambayo wenzio hawana. Akasema lote.

Jumatatu Tiura alipaka rangi ya kucha kwenye kikombe kimoja, akakiweka rafu ya peke yake, akamwambia Roiti, "Hiki chako, mpenzi," kwa sauti ya kumbembelezea mgonjwa. Jumanne mama yake Roiti akapiga simu kutoka Betio. Mama yule alioka mikate na kuuzia mlangoni kwake. Kwa mikate hiyo ndiyo alimsomesha mtoto.

"Arobaini nimeoka," alisema, na simu ilikuwa wazi, jikoni wote wanasikia. "Hajaja mtu. Nimewapa nguruwe. Mwanangu, mbona unanificha? Naambiwa unatema damu."

Roiti alizima simu. Wengine wakakumbuka shughuli zao, wakabaki yeye na Maere aliyekuwa anakata kitunguu.

"Ukimtoa nesi, tuliojua ni watatu, dada. Mimi, wewe, na Lynette."

Maere aliendelea kukata.

"Basi ni yeye," Roiti akasema. "Alinikalia karibu vile, ananiita kwa jina, kumbe!"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Kisu kilikuwa mkononi, kitunguu kilikuwa kinamtoa machozi, hata kulia asingeulizwa. Maere alifungua mdomo, akasikia mwenyewe unasema, "Watu wa ofisini ndivyo walivyo."

Roiti alikuwa mpole, lakini hakuwa mjinga. Alikwenda chama cha wafanyakazi na ile barua iliyotaja haki zake, akaandika malalamiko kwa mkono wake mwenyewe. Ijumaa wakaitwa. Bosi alikuja kutoka makao makuu, na mtu wa chama, na Lynette. Barua ikasema tena kwamba mlalamikaji anaweza kusindikizwa na mtu anayemwamini.

"Twende, dada," Roiti akasema.

Lynette hakuwa na rangi usoni. "Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii," alisema. "Sikumwambia hata mume wangu." Akamtazama Roiti. "Nakuapia, binti."

Bosi akasema uchunguzi utafanyika, na mpaka uishe Lynette akae pembeni. Lynette alianza kuivua shingoni kamba ya funguo, ikanasa kwenye nywele, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia.

"Siyo yeye," Maere akasema.

Wote wakageuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani wasigeuke.

"Ni mimi. Kanisani. Nilitaka wakuombee."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Roiti aliuliza tu, "Ulitaja jina langu?"

"Nilitaja."

"Na ugonjwa?"

"Waliniuliza."

"Walikuuliza," Roiti akarudia, taratibu, kama anayeonja chakula asichokijua. Kisha akainuka, akamwinamia Lynette, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Aliporudi kukaa, alikisogeza kiti chake mbali na cha Maere.

Majibu yalitoka wiki iliyofuata. Roiti alikwenda kuyachukua peke yake. Nyumbani alikula chumbani, kwa kikombe kile kile cha rangi ya kucha, na Maere akimsemesha anajibiwa "ndiyo" na "hapana". Jumamosi akamkuta anafunga sanduku. Alikuwa ameomba uhamisho kwenye nyumba nyingine ya wazee, Tasmania huko, mwisho wa nchi, na ulikuwa umekubaliwa. Juu ya kitanda palikuwa na karatasi yenye muhuri. Roiti aliisukuma upande wake asome.

Damu safi. Kifua safi. Ilikuwa chanjo ya utotoni, basi.

"Mungu mkubwa!" Maere akaruka. "Kesho nasimama mbele ya wote, nawasomea neno kwa neno! Huyo Tiura atakilamba kikombe chake!"

"Hapana."

"Hapana nini? Watasema umehamishwa kwa sababu ya—"

"Watasema. Mama nimeshamtumia picha ya majibu. Wengine sina haja nao. Kila utakaponisafisha, dada, watasikia jina langu na ugonjwa ule pamoja, tena mdomoni mwako. Hicho ndicho watakachoondoka nacho."

Akakaa kitandani, akaweka mikono mapajani kama mtu aliyekuja ugenini.

"Nakuomba bubuti."

Ombi hilo kwao halikataliwi. Mtu akikuomba bubuti, uwe mtumbwi wako, uwe mkeka unaoulalia, unampa. Anayenyima hana pa kuuweka uso wake tena. Na ndugu wa damu hawaombani bubuti kwa jambo dogo.

"Jambo langu ulilolichukua, nirudishie," Roiti akasema. "Usiliseme tena. Kwa ubaya usiliseme, kwa wema usiliseme. Kwa mtu yeyote."

"Roiti, mdogo wangu, nipe kingine. Niombe chochote."

"Sina kingine."

Maere alilia mpaka kwikwi zikamshika. Roiti alimsubiri, bila kumharakisha, bila kumgusa.

"Chukua," Maere akasema mwishowe.

Kwenye basi hawakukumbatiana. Roiti alimpa mkono, vile mtu anavyompa mkono mke wa mchungaji.

Jumapili nyumba ilijaa. Wanawake wa mashambani walikuja na watoto wao, wali ukapikwa sufuria mbili, samaki wakakaangwa, waliokosa viti wakakaa kwenye mikeka mpaka mlangoni.

"Jamani, yule mtoto kapelekwa wapi?" mmoja akauliza.

"Nasikia kuna hospitali, wanawafungia huko."

"Masikini! Mimi nimeambiwa pafu moja limekwisha kabisa."

"Ngojeni," Tiura akasema. "Mnajisumbua nini, na mwenye habari tunaye? Maere, hebu tuambie. Ni kweli?"

Vijiko vikasimama. Maneno yote yalikuwepo ulimini, yamejipanga, mafupi, ya kweli. Damu safi, kifua safi. Isingechukua hata pumzi moja. Maere alilitazama duara lile la nyuso alizozipenda, zote zimemwelekea yeye.

"Wali umebaki," akasema. "Nani nimwongeze?"

Wakatazamana. Mmoja akaguna, mwingine akatikisa kichwa na kusema masikini mama yake, na kila mtu akawa ameshapata jibu lake.