Mtumiaji Mmoja

Kwa miaka sita Vitufe alitunza kiendeshi cha kibodi ambayo dunia nzima ilishaitupa jalalani. Kiendeshi ni kile kiprogramu kinachoijulisha kompyuta umebonyeza nini, na hiki chake kilikuwa ndani ya mfumo huria, ule unaoandikwa na watu wa kujitolea wasiowahi kuonana ana kwa ana, ila kugombana wanagombana kila siku. Jina la Vitufe walimbandika wao.

Jumatatu msimamizi wa mfumo, mwanamke asiyepoteza maneno, aliandika: viendeshi visivyo na watumiaji vitaondolewa Ijumaa. Anayetaka chake kibaki, alete mtumiaji, na mtumiaji huyo aandike mwenyewe. Mtunzaji haruhusiwi kujishuhudia.

Vitufe alishtuka. Mtumiaji alikuwepo, tena mmoja tu, chumba cha pili. Mama yake alikuwa katibu muhtasi kwa miaka thelathini, na tangu apate kiharusi hakutamka neno. Alizungumza kwa kuandika, mkono wa kushoto, kwenye kibodi aliyostaafu nayo, yenye vitufe vigumu ambavyo mkono unaotetemeka ukivigusa tu havijibu. Kibodi mpya walishajaribu tatu, na zote ziliandika upuuzi. Kiendeshi kikiondoka, mama angenyamazishwa mara ya pili.

Basi Vitufe, badala ya kumwomba mama yake aandike, akamwandikia. Watu wenye akili nyingi ndivyo walivyo. Akatunga barua ya kumliza kila mtu: mimi ni mzee, kibodi hii ndiyo mdomo wangu, nawapigia magoti.

"Mama, kazi yako ni kubonyeza hapa tu, iende."

Mama akaisoma mpaka mwisho, akaandika chini yake: Nani kapiga magoti?

"Ni lugha ya kuomba tu, mama."

Mama akaandika tena: Miaka thelathini nimechapa barua za watu. Yangu nitaandika mwenyewe. Nenda kaoshe vyombo.

Akaenda kuosha vyombo. Ungefanya nini? Kutoka jikoni alisikia ko, ko, kimya, ko, saa nzima, na kila kimya kilimpandisha joto. Alipanga sufuria kwa ukubwa, akazipangua. Aliporudi, barua ilikuwa imeshatumwa, mbele ya watu mia nne wa mfumo ule.

"Natumia kibodi hii kila siku. Nikibonyeza nafasi moja kati ya maneno, zinatoka mbili. Nimemweleza mtunzaji mara nne, ananiambia nisubiri. Naomba ahimizwe."

Vitufe akajishika kichwa. Kaniumbua, akawaza, tena mbele ya kadamnasi. Lakini barua ilikuwa na aya ya pili.

"Mtunzaji ni mwanangu. Mimi nikikosa kibodi nitaashiria kwa mkono, na chai nitaletewa. Yeye tangu baba yake afariki hana mtu wa kuzungumza naye ila mimi, na siku hizi ananieleza mambo ambayo zamani hakuwahi kunieleza. Msiiondoe. Bado sijamaliza kumjibu."

Msimamizi alijibu baada ya dakika mbili. Mtumiaji amethibitishwa. Kasoro imesajiliwa. Kiendeshi kinabaki.

Vitufe aliirudia ile aya, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Mama alimtazama kidogo, kisha akageukia kibodi yake: Na hizo nafasi mbili?

"Leo, mama," akasema. "Nazishughulikia leo."