Nesi Kwenye Kigoda cha Msusi

Surua iliingia darasa la pili na mtoto mmoja. Wiki haijaisha, wako wanne. Nesi wa shule akawarudisha nyumbani, akawatumia wazazi wa arobaini waliobaki fomu za ruhusa ya chanjo. Zilizorudi na sahihi zilikuwa kumi na moja. Na wachanjaji walikuwa wanakuja kesho asubuhi, siku hiyo tu.

Fomu zilikwama saluni. Mtaa ule jambo halikuwa jambo mpaka lipite mikononi mwa msusi, Mama Kitana, naye alishatamka kwamba mwanawe mdogo hachanjwi, maana mkubwa aliwaka homa baada ya sindano hiyohiyo. Basi akina mama wakazikunja fomu, wakazitia pochini.

Nesi akaenda. Saluni ilifurika hadi kizingitini, na sheria ya mle aliijua: asiyesukwa hana kauli, anayehubiri mlangoni huambiwa anaziba mwanga. Akaomba mistari kumi, akaketi kwenye kigoda katikati ya magoti ya Mama Kitana. Kwanza ilibidi wamalize umbea wa jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni, sasa wageni wake wanakaa nje juani kama nguo za kuanikwa.

"Haya, Nesi," Mama Kitana akasema, kitana kikipasua utosi, "umeleta kichwa au umeleta fomu?"

"Vyote, dada."

"Kichwa nitakisuka. Fomu rudi nazo. Siku tatu nimempakata mtoto anawaka kama jiko, wewe ulikuwa wapi?"

Nesi alikuja na hotuba yake, na takwimu juu. Zote akaziacha. Aliikumbuka siku ile, foleni imefika getini, yeye anachoma na kuita anayefuata, anachoma na kuita.

"Nilikuwa nakimbizana na foleni," akasema. "Homa ile huja kama wiki moja baada ya sindano, inakaa siku mbili tatu, inakwenda zake. Nilipaswa kukwambia, sikukwambia. Kosa ni langu, dada, si la chanjo."

Mtu akazima kikaushio. Vidole vya Mama Kitana vilisimama kichwani.

"Miaka mitano naisema vibaya dawa ya watu."

"Nilaumu mimi."

"Nitakulaumu, usiwe na haraka. Kichwa chako ninacho hapa."

Saluni ikaangua kicheko, na pochi zikaanza kufunguka. Mmoja akauliza kuhusu mafua. Nesi akamwambia mafua madogo hayazuii. Mwingine, ambaye binti yake alikuwa kwenye dawa nzito, akaambiwa amwone daktari kwanza. Mama Kitana akachukua rangi ya mdomo, akaandika namba ya simu ya Nesi kwenye kioo, kubwa, homa ikija mtu asihangaike peke yake. Kisha akatia sahihi, akavua aproni, akatoka kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Nesi akabaki kigodani na mistari mitatu, nywele zilizobaki zimesimama.

Asubuhi fomu zilikuwa thelathini na saba. Mama Kitana alitangulia foleni, amemkunjia mwanawe mkono wa shati. Mtoto alipochanjwa, mama hakuondoka. Alisimama pale mlangoni, akimshika kila mzazi bega: homa yaweza kuja wiki ijayo, shoga, usishtuke, namba iko kwangu kiooni.