Digrii Sita

Kwenye ghorofa iliyokuwa ikijengwa nyuma ya stendi, sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua: joto likifika digrii arobaini, msimamizi anagonga kengele, watu wanashuka na kukaa kivulini mpaka jua lilegee. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mlangoni pa ofisi. Kipimajoto chenyewe msimamizi alikihifadhi ndani ya friji, kati ya soda na nusu ya tikiti, ili kisiharibiwe na jua. Kiangazi kizima kilionyesha digrii sita.

Fundi wa plasta waliyemwita Timazi, kwa jinsi kuta zake zilivyonyooka, alikufa mchana akiwa ghorofa ya tatu, kwenye ukuta unaotazama jua. Alikaa juu ya ndoo, akafa, kisha akatega sikio. Kengele haikulia. Akainuka, akaendelea na ukuta.

"Kaka, umekufa wewe," saidia fundi akamwambia.

"Najua. Lete mota, inakauka."

Jioni alirudi nyumbani kama kawaida. Mkewe, mshona nguo, alimgusa shingo, akamgusa kifua, akaketi sakafuni akalia mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake akakata sanda, majirani wakachimba kaburi. Timazi aliijaribu sanda, akasema imemkaa vizuri, akawa analala nayo kila usiku. Kuingia kaburini ndiko alikokataa.

"Mama Pacha, nitalalaje na kengele haijagongwa? Wataniita mtoro."

"Baba Pacha, umekufa!"

"Kufa nimekufa. Ruhusa ndiyo sina."

Mama Pacha akaenda ofisini. Msimamizi alikuwa amevua viatu, feni inampuliza kitambi.

"Gonga mara moja tu, mume wangu apumzike. Watoto wananiuliza wamsalimie au wamlilie. Niwajibu nini?"

"Shemeji, mimi si mtu mbaya." Akafungua friji. "Ona mwenyewe. Sita! Kwa digrii sita nani anakufa kwa joto? Labda kwa mafua. Halafu nikigonga watashuka wote. Na mumeo, nikwambie ukweli, tangu afe hata maji haombi. Sijawahi kupata fundi kama yule."

Mama Pacha alikinyakua kipimajoto akatoka nacho nje, kikapanda mpaka kikagota. Msimamizi akamfuata peku, akirukaruka kwa jinsi mchanga ulivyomuunguza, akakipokonya.

"Umekitia homa!" akafoka. Akakizungushia kitambaa cha maji, akakilaza tena kando ya tikiti.

Siku chache baadaye ikaja dhoruba. Mabati yaliruka, barabara ikawa mto, nguzo za umeme zikalala chini. Upepo ukaikamata ile rimu na kuigonga bila huruma, mtaa mzima ukasikia. Timazi akaosha mwiko wake, akashuka, akapita getini. Alimkuta Mama Pacha amemtangulia makaburini, analia huku anacheka, anachota maji kaburini kwa ndoo ili mumewe asilale kwenye tope. Timazi alikwishatia mguu mmoja pale msimamizi alipotokea na mwavuli uliopinduka.

"Upepo si mwajiriwa wetu!" akapiga kelele. "Kengele ile haihesabiki!"

Timazi akautoa mguu. "Samahani, mke wangu."

"Unyoofu wako huu ndio nilioupenda," alisema Mama Pacha, ndoo bado mkononi. "Mjinga mimi."

Mvua ikakatika, jua likarudi na hasira zake zote. Saidia fundi akafa, na fundi wa nondo akafa, nao hawakukosa kazini hata asubuhi moja. Pipa la maji likaondolewa, maana wanywaji walikuwa wamepungua. Umeme ulikuwa haujarudi. Msimamizi akawa ananunua barafu kila siku na kuijaza yote ndani ya friji; feni ilikuwa imesimama, na yeye mwenyewe hakujiachia hata kipande. Basi naye akafa, kitini, mchana kweupe.

Mama Pacha alipopata habari alikimbia njia nzima, kanga inamdondoka. Jamani, sasa si ameonja mwenyewe? Alimkuta ofisini, midomo imempasuka, inzi wanatembea usoni.

"Umeyaona?" akamwambia, akihema. "Haya, gonga."

Msimamizi akaitazama rimu. Akatazama juu, mafundi wake walipokuwa wakipiga plasta kimya kimya. Kisha akafungua friji, akainama, akasoma.

"Sita," akasema. "Ningekufa kwa joto gani?"

Mama Pacha akarudi nyumbani kufua sanda. Ilikuwa imejaa mota, na mumewe angeihitaji usiku.